Moja ya Tano Chini ya Kisahani

Katika mji wa Marrowby, jimbo la Ohio, watu waliijua kanuni hii kabla ya kujua kusoma: aliyehudumiwa mkahawani huacha moja ya tano ya bei ya chakula chini ya kisahani cha kahawa, kisha huondoka bila kugeuka nyuma. Haikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kufungwa kwa kuivunja. Ila aliyeivunja mara mbili alianza kuletewa mayai ya baridi, na mwenye akili alielewa.

Kwa hiyo Baraza la Mji lilipotangaza, mbele ya bendera mbili na mpiga picha mmoja, kwamba kuanzia tarehe mosi Novemba bakshishi imekomeshwa ndani ya mipaka ya Marrowby, na kwamba wahudumu wote watalipwa mshahara kamili utakaotokana na bei mpya za vyakula, wananchi walipiga makofi. Halafu wakaulizana wataiweka wapi mikono yao baada ya kula.

Suala hilo lilikabidhiwa Idara ya Kukomesha Bakshishi, na idara ikakabidhiwa Bwana Leland Vosburgh, Kaimu Mkurugenzi. Neno "Kaimu" lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Baraza lilikuwa limempa siku tisini. Mwezi wa tatu ukipita pasipo kosa hata moja, neno lile lingekwanguliwa mlangoni, naye angepewa mahali pa kuegesha gari palipoandikwa jina lake. Kosa likipatikana, angerudishwa alikotoka, yaani Kitengo cha Mifuniko ya Mitaro, katika ghorofa ya chini ambayo haina dirisha.

Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba mtu mzima anayelazimika kuchekacheka ili apate kodi ya nyumba anadhalilishwa, na anayempa naye hatoki salama. Aliyaeleza hayo mbele ya Baraza kwa dakika arobaini, akiwa ameshika mashine ya kadi ya mkahawani: ile ambayo mhudumu huigeuza ikutazame, nayo hukuuliza kama utaongeza kumi na nane kwa mia, ishirini, au ishirini na tano, ilhali kitufe cha kukataa kimejificha pembeni, kidogo kama chawa. "Kitufe hiki," alisema, "kimewaaibisha raia wengi kuliko mahakama yetu." Maneno hayo yaliingizwa katika kumbukumbu rasmi. Mashine mia moja na sita za namna hiyo zikakamatwa, na kwa kuwa serikali haitupi mali, Bwana Vosburgh alibandika kwenye kila moja kikaratasi chenye maelekezo: "Ipelekwe mahali itakapofaa. L.V."

Kazi ya kwanza ya idara ilikuwa kufafanua bakshishi ni nini. Waraka Namba Moja ulisema ni "kitu chochote chenye thamani ambacho mteja hukiacha mezani baada ya kula." Katika wiki ya kwanza wakaguzi walileta ofisini miavuli tisa, fimbo ya kutembelea, nusu ya chapati ya maji iliyopakwa asali, na seti ya meno ya bandia iliyofungwa katika kitambaa. Walileta pia vikaratasi vya Injili vilivyochapwa kwa mfano wa noti ya dola ishirini, ambavyo waumini wengine wa Jumapili huviacha mezani badala ya noti yenyewe. Baada ya kikao kirefu hivi vilirudishwa bila faini, kwani wahudumu wote waliohojiwa waliapa kwamba hakuna duka lililowahi kuvipokea.

Mzee Orville Stamm, fundi saa mstaafu, alitozwa faini kwa kuacha glavu moja. Akakata rufaa.

"Niliisahau," alimwambia Bwana Vosburgh. "Hebu fikiri mwenyewe. Yule dada atafanyia nini glavu moja? Si ana mikono miwili?"

"Huenda ulikusudia kumpa ya pili siku nyingine."

"Na mimi nivae nini?"

Bwana Vosburgh alilitafakari jambo hilo kwa uzito wake, na kabla ya ofisi kufungwa alikuwa ametoa Waraka Namba Tisa: "Kusahau hakupo. Kila kilichoachwa kimeachwa." Aliupenda waraka huo kuliko nyaraka zake zote, akauweka katika fremu ukutani. Glavu ikabaki kabatini kama kielelezo.

Nidhamu hii ilizaa matunda. Mwezi wa kwanza makosa yalikuwa mia mbili na kumi na mawili, na mwezi wa pili thelathini. Mwezi wa tatu uliingia na kwenda bila kosa lolote, hata Bwana Vosburgh akaanza kupita polepole kwenye maegesho, akichagua kwa macho.

Jambo moja tu lilimkera, nalo hakulitaja katika taarifa.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akila kifungua kinywa katika mkahawa wa Mgiriki mmoja, Thanasi Kolovos, kwenye kigoda cha sita kutoka mlangoni. Aliyemhudumia ni Bernadette Kosciak, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye viatu vya muuguzi na kalamu sikioni. Kwa miaka kumi na mmoja Bernadette alimwita kipenzi. Kipenzi, mayai yako yako njiani. Kipenzi, leo umepauka, umelala kweli? Bwana Vosburgh hakuwa na mke, na katika Ohio nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyemwita hivyo. Alikuwa amekwisha kujiridhisha, baada ya kuupima ushahidi wote, kwamba jambo hilo halikuhusiana na kisahani.

Tangu Novemba mambo yalikuwa hivi:

"Unakula nini?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ndiyo nini?"

"Bernadette, ni miaka kumi na mmoja."

"Haya, mayai mawili na tosti. Ni dola kumi na sita siku hizi, usije ukashtuka."

"Bei naijua. Ni mimi niliyeipandisha."

"Basi hongera."

Siku moja katika mwezi wa tatu alishindwa kuvumilia. Alisubiri mpaka jirani yake wa kigoda cha tano akaondoka, akaangalia huku na huku. "Mbona huniiti tena kipenzi?"

Bernadette alisimama na birika la kahawa mkononi. "Nikwambie ukweli, au nikuhudumie?"

"Ukweli."

"Kipenzi kilikuwa humohumo ndani ya moja ya tano, Bwana Vosburgh. Mimi sikukiondoa. Umekiondoa wewe, kwa waraka."

"Namba Nne," alisema Kolovos kutoka kwenye jiko.

"Wewe Thanasi geuza mayai, yanaungua."

Bwana Vosburgh alikohoa. "Kwa hiyo mshahara mpya haukuridhishi?"

"Nani kasema? Jumanne theluji ikianguka, asiingie hata paka, nalipwa vilevile kama binadamu. Jino hili nimeliziba kwa pesa ya Jumanne." Akamwonyesha. "Ila Jumapili watu wakitoka kanisani, miguu inawaka moto, nalipwa vilevile pia. Hapo ndipo namkumbuka yule daktari wa ng'ombe aliyekuwa akiacha noti ya hamsini. Sheria yako ni nzuri sana Jumanne."

Jioni ile Bwana Vosburgh aliandika katika taarifa yake: "Wahudumu wameridhika, hasa Jumanne."

Siku ya themanini na tisa ilikuwa Jumanne, na theluji ilifika magotini. Baraza lingekutana kesho yake. Bwana Vosburgh aliingia kwa Kolovos na homa ya siku mbili, koti limelowa, meno yakigongana. Ndani hapakuwa na mteja mwingine ila Mkaguzi Ramona Ficke, hodari kupita wakaguzi wake wote, aliyekuwa akila tosti kwenye meza ya pembeni huku ameweka risiti yake mahali pa kuonekana, kama alivyofundishwa.

Bernadette alimtazama Bwana Vosburgh. Hakuuliza anakula nini. Alimvua koti akalitundika karibu na jiko, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na chupa ya kuhifadhi joto ya rangi ya kijani, akamimina supu ya kuku na tambi katika bakuli.

"Hii haimo kwenye orodha," alisema Bwana Vosburgh.

"Haimo. Ni chakula changu cha mchana. Kunywa."

"Bei yake?"

"Haina bei."

"Lakini mshahara wako haujumuishi..."

"Leland. Kunywa supu."

Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Bwana Vosburgh akanywa. Supu ilikuwa na pilipili manga nyingi, na machozi yalimtoka, jambo ambalo ndani ya nafsi yake alilihesabu kuwa kazi ya pilipili. Alipomaliza alivaa koti, lililokuwa limepata joto mpaka mifukoni. Kilichofuata kilitendwa na mkono wake. Mkono ule wenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja ulitoa noti ya dola ishirini, ukaikunja mara mbili, ukaisukuma chini ya kisahani. Kisha mwenyewe akaondoka bila kugeuka nyuma.

Alikuwa amefika njiani Bernadette alipotoka akikimbia, hana koti, noti ikiwa juu.

"Bwana Vosburgh, umesahau hela zako," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, na kumkonyeza kwa jicho lililoelekea upande usio na mkaguzi. Kwa maana Mkaguzi Ficke alikuwa amekwisha kutoka nyuma yake, daftari mkononi.

Bwana Vosburgh alilielewa jicho lile. Alikuwa amefunguliwa mlango, na kilichobaki ni kupita.

"Ndiyo," alisema. "Nilisahau."

Mkaguzi Ficke alimtazama kwa huruma ya kweli. "Kusahau hakupo, bwana. Kila kilichoachwa kimeachwa."

"Ficke, leo ni siku ya themanini na tisa."

"Ulitufundisha tusitazame uso wa mtu wala kalenda. Namba Kumi na Moja."

"Wewe binti," alisema Bernadette, "ameacha bei ya supu tu. Chukueni bei ya supu muende zenu."

"Supu ilikuwa na bei?"

Bernadette aliikunjua noti, akaikunja tena.

"Basi, mama, kilichotolewa juu ya bei ndicho bakshishi, na hapa kimetolewa chote juu." Akaandika, akachana karatasi, akampa mkuu wake kwa mikono miwili.

"Huyu kasoma wapi?" aliuliza Bernadette.

"Kwangu," alisema Bwana Vosburgh. Hakuweza kuizuia sauti yake isiwe na fahari kidogo.

Baraza lilikutana kama lilivyopanga. Lilibainisha kwa furaha kwamba idara imefikia kiwango cha juu cha utendaji, kiasi cha kumkamata hata mkuu wake, na kwa kauli moja likamthibitisha Mkurugenzi. Jina lililopakwa rangi kwenye maegesho lilikuwa la Ramona Ficke, na kwa kuwa ni jina fupi, rangi ilibaki.

Bwana Vosburgh alikwenda kulipa faini yake kwenye dirisha la tatu la jengo la serikali, akiwa na sanduku la vitu vyake kwapani na fremu ya Waraka Namba Tisa ikichungulia juu. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yake alisimama Mzee Orville Stamm, ambaye rufaa yake ilikuwa imekataliwa.

"Dola mia mbili," alisema karani, msichana aliyekuwa akitafuna ubani.

Bwana Vosburgh alitoa kadi. Msichana akaipitisha, kisha akaigeuza mashine imtazame.

Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na tano.

Pembeni palikuwa na doa la kale la mchuzi wa nyanya, na juu ya doa kikaratasi chenye mwandiko alioufahamu: Ipelekwe mahali itakapofaa.

"Hii ni bakshishi," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, bwana. Bakshishi ni ya mezani, hapa ni dirishani." Karani hakuacha kutafuna. "Halafu kipengele cha mwisho kinasema ofisi za serikali hazihusiki."

Bwana Vosburgh alikikumbuka kipengele hicho. Alikiweka yeye, ili waheshimiwa wa Baraza wasipate taabu na keki zao za Krismasi.

Alikitafuta kile kitufe kidogo, akakiona. Kidole kikakiendea. Katika foleni kila mtu alikuwa akitazama dari kwa adabu, kama watu wanavyofanya mwenzao anapokaribia kujifedhehesha.

"Bonyeza chochote, mwanangu," alisema Mzee Stamm nyuma yake. "Mimi mkono mmoja unaganda."

Bwana Vosburgh akabonyeza ishirini. Mashine ikalia, risiti ikatoka, na deni lake kwa mji wa Marrowby likawa limekwisha.

"Asante, kipenzi," alisema karani bila kuinua macho. "Anayefuata."

Bwana Vosburgh aliikunja risiti mara mbili, akaanza kushuka ngazi kuelekea Kitengo cha Mifuniko ya Mitaro, na mpaka anafika chini alikuwa amekwisha kuupima ushahidi wote na kuridhika kwamba yule binti alisema kwa moyo wake.