Ng'ombe Mwekundu ni Juu

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe wangu Soila karudi kutoka mjini na habari mbaya. Eti Naisiae, mjukuu wangu wa miaka sita, avae miwani. Jicho la kushoto haoni vizuri. Lisiposaidiwa sasa litazoea uvivu, akikua hata miwani haitafaa. Alhamisi anapimwa tena, ndipo waandike. Nimekataa. Miwani ni ya jirani yangu Aminieli, anayeifuta nusu saa kanisani kabla ya kusoma somo. Ukoo wa Loserian hatuvai vioo. Mimi hapa Olmotonyi natambua ng'ombe wangu ng'ambo ya korongo.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda hospitali, nikasema naumwa jino. Nikachungulia dirisha la chumba cha macho. Ubao wao hauna herufi. Afadhali, Naisiae na herufi bado hawasalimiani. Ni alama kama uma, meno yanaelekea juu, chini, kulia, kushoto. Mtoto anaonyesha kwa mkono. Nimekariri zote. Mstari wa mwisho dirisha lao lilikuwa chafu, mama mmoja wa foleni akanisomea.

Jumatano, 5 Machi
Nimemfundisha Naisiae kwa ng'ombe, maana wanatoka bomani kwa mpangilio uleule kila siku. Mwekundu ni juu. Wa madoa, kulia. Mweusi, chini. Ndama, kushoto. Kashika kama wimbo. Akili hiyo ni yangu.
Jioni nikamwuliza ni ng'ombe gani yule anakuja. Akangoja kengele ya shingoni ilie ndipo akajibu.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari ni binti, anaitwa Anneth. Kaniamkia vizuri, shikamoo babu. Naisiae akaanza: juu, kulia, chini, kushoto. Hakukosea hata moja. Nikavimba. Anneth akasema mtoto huyu ni hodari kweli, maana ubao bado umefunikwa kitambaa.
Soila hakuniangalia.
Wakamtia matone, tukangoja. Kisha Anneth akammulika kwa taa ndogo, akibadilisha vioo mbele ya jicho. Mtoto hakuulizwa neno. Taa inajisomea yenyewe. Nikasema huo ni uonevu. Akaandika miwani. Naisiae kachagua fremu nyekundu, kama ng'ombe wa juu.

Jumanne, 11 Machi
Miwani imekuja. Kaivaa pale uani. Katazama migomba. Katazama mlima. Halafu akataja ng'ombe wote wa ng'ambo ya korongo, mmoja mmoja, wala kengele haijalia. Mwisho akanigeukia mimi. Babu, kumbe una nywele masikioni.
Vumbi lilikuwa jingi, macho yakatoa maji. Nikaenda kwa Aminieli kumweleza kwamba mimi ndiye niliyegundua ugonjwa.

Jumapili, 16 Machi
Aminieli kanitangaza nje ya kanisa. Eti jana nimeswaga ng'ombe wake hadi bomani kwangu, huku nikimwita kwa jina la wangu. Watu wamecheka, na mchungaji pia. Soila keshanipangia siku kwa Anneth: Ijumaa nipimwe.
Sina wasiwasi. Naisiae sasa anaona mpaka mstari wa mwisho. Alhamisi tunakwenda wote hospitali, safari hii nina jino jingine. Atachungulia yeye dirishani, mimi nitakariri. Kakubali, ila kasema nisitaje ng'ombe hata mmoja kabla kitambaa hakijatolewa.
Wakileta ile taa, nitafumba macho.