Mipini Mia Nne ya Sabiti

Jumatatu, 3 Oktoba 1977

Mipini ya majembe mia nne imejaa chumbani. Mke wangu Mwanaisha analala sebuleni wiki ya pili sasa, na hafurahi. Nimemwomba avumilie. Kampuni ya pembejeo hapa Biharamulo inatafuta mipini ya kugawa vijijini kabla mvua hazijakolea, na mimi nitaongea na Meneja mwenyewe, Ndugu Bonaventura. Sabiti hafanyi biashara na makarani.

Nikavaa suti ya harusi. Ofisini kwao, nyuma ya boma, nikamkuta karani, Bi. Eufrazia. Akauliza nina shida gani. Nikasema mambo mazito, ya Meneja peke yake. Akasema wiki hii kila anayekuja ana habari za mipini. Kama ni hiyo, nimwachie mmoja mezani, yeye ndiye anayeandaa orodha. Nikacheka kwa heshima. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa.

Fundi Pancras wa Nyabusozi aliingia na mpini, akamkabidhi, akaondoka. Wala hakuuliza Meneja yuko wapi. Namhurumia.

Jumanne, 4 Oktoba

Mbinu mpya. Nimejitambulisha kuwa shemeji yake Meneja, kutoka Murukulazo, kule Ngara. Bi. Eufrazia akaweka kalamu chini, akanisalimu kwa Kihangaza. Kihangaza sijui, baba yangu alikuja hapa kutoka Tanga akiuza vitambaa. Nikakohoa. Akaendelea. Nikakohoa zaidi.

Akarudi kwenye Kiswahili. Kumbe mke wa Meneja ni dada yake, tumbo moja.

“Basi wewe ni kaka yangu,” akasema. “Mama hajambo?”

Nikasema hajambo, anasalimu sana.

“Tulimzika mwaka juzi.”

Nikampa pole, nikatafuta mlango. Akaniita nikiwa barazani: orodha inafungwa Jumamosi saa sita mchana, nilete mpini mmoja tu. Roho nzuri anayo. Cheo hana.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nilisikia Meneja anakwenda Nyabusozi kulima na wanakijiji kwenye shamba la ujamaa. Nikadandia lori, na jembe langu.

Nilimtambua mara moja. Bwana mnene, suti ya safari, amesimama kwenye kivuli cha Land Rover. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba. Nikalima matuta matatu mbele yake ili aone mpini unavyofanya kazi. Viganja vimechubuka vyote. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema mpini ni mzuri sana, ila yeye ni dereva. Meneja ni yule wa kaptura, mwenye matope mpaka magotini.

Nikamwendea. Mtu mpole. Akaugeuzageuza mpini mkononi.

“Mzuri, ndugu yangu. Mpelekee Bi. Eufrazia. Mimi nasaini anachoandika yeye.”

Pancras alikuwa tuta la jirani. Akaniambia mipini yake mia mbili imeshakubaliwa, na nafasi ya mingine bado ipo. Aliniambia bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimetafakari njia nzima. Jambo liko wazi: Meneja hana madaraka. Anasaini tu. Mwenye uamuzi yuko Bukoba, mkoani.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye basi la Bukoba, halijaondoka. Mwanaisha amenisindikiza, amenibebea mipini mitatu ya mfano. Stendi tukakutana na Bi. Eufrazia akinunua vitumbua. Akasema bado inatakiwa mipini mia nne, na mfano wowote unatosha, hata huo alioubeba mama hapo. Nikamweleza kwa upole kwamba mazungumzo yamefika ngazi nyingine. Mwanaisha akamuuliza ofisi yao inafunguliwa saa ngapi. Wanawake na maswali yao.

Nimekaa dirishani. Mipini niliyonayo ni miwili. Wa tatu anao Mwanaisha. Namwona anapanda kuelekea bomani na Bi. Eufrazia, mpini begani, wanakula vitumbua na kucheka. Nimefurahi amepata rafiki. Angekuwa mpweke mimi nikiwa safarini.

Konda anasema tutafika jioni, ofisi za mkoa zimeshafungwa mpaka Jumatatu. Sawa kabisa. Nitapata muda wa kuchunguza mkubwa wao anasali wapi, na nani hukaa naye safu moja.