Maili za Akina Sumiyati

Jumanne, 3 Juni

Leo asubuhi nimefika Hong Kong. Wakati huo nilikuwa nakaanga tempe, vipande vyangu vya soya iliyochachuka.

Bado sijazoea. Simu inalia, naishika kwa vidole vyenye mafuta, shirika la ndege linaniambia asante Mama Sumiyati kwa kusafiri nasi, maili zako zimeingia. Ikabidi nikae kwenye kigoda. Mimi sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya kuzibia paa.

Siri iko kwenye jina. Wazazi wangu walinipa moja tu, kama Wajava wengi wa rika langu. Hakuna la baba, hakuna la ukoo. Kwenye tiketi wanaliandika mara mbili ili nafasi zote zijae: Sumiyati Sumiyati. Na hapa Tulungagung akina Sumiyati tumejaa kama kuku. Wengine wanafanya kazi za nyumbani Hong Kong na Taiwan, wengine wamefuata waume zao Kalimantan, huko Balikpapan, kwenye mashamba ya michikichi. Wote wanakata tiketi kwa Retno, yule binti mwenye duka la tiketi pale kona. Habari za maili, kwamba zikijaa unapewa tiketi ya bure, hawazijui, hawazidai. Sasa zipotee bure? Retno anaandika namba yangu ya uanachama, basi. Wao wanaruka, mimi navuna.

Mwanzoni alisita. Akasema, "Mama, hili litatutokea puani." Nikampelekea kuku wa tui, nikamwambia mwanangu Danang huwa anamuulizia. Hajamuulizia, lakini nimemlea vizuri, angekumbushwa angeuliza.

Danang wangu. Tarehe tano Julai anavaa joho kule Makassar, ng'ambo ya bahari. Daktari! Mtoto wa mkaanga tempe. Wazazi wamewekewa viti, na mimi nimeshautangazia mtaa mzima kwamba naenda kwa ndege. Mume wangu, Jumali, anasema kuna meli. Akiba ya nauli yangu ya meli ameificha kwenye pipa la mchele, anadhani sijui. Nimemwambia mama wa daktari hafiki kwenye mahafali akiwa amelala mkekani na mbuzi wa watu.

Alhamisi, 12 Juni

Bi Wiwik, jirani wa ukuta kwa ukuta, ameniuliza Danang ni daktari wa nini. Nikasema daktari. Akauliza tena, wa nini. Nikasema wa ng'ombe, na wote wenye miguu minne. Akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye mkwe wake ni polisi Kediri, hatuli wala hatulali bila kukumbushwa. Nikamwambia binadamu anasema mwenyewe panapomuuma, ng'ombe hasemi, kwa hiyo nani mwenye kazi ngumu? Akaingia ndani kuwapigia watoto kelele.

Maili zimebaki chache kufika tiketi ya Makassar. Lakini kuna pigo. Sumiyati wa mtaa wa sokoni alikuwa arudi Taipei wiki hii, ameahirisha, mtoto wake ana homa. Nilishtuka kama mtoto ni wangu. Nimempelekea uji na dawa, nimemkanda mtoto kwa maji ya vuguvugu, nimekaa hadi homa ikashuka. Mama mtu akalia, akasema hajawahi kuona moyo kama wangu. Nikamwambia tajiri wake Taipei bila shaka amemkumbuka.

Jumapili, 22 Juni

Sina nguvu za kushika kalamu, lakini lazima niandike.

Maili zimetimia. Mtoto wa Sumiyati amepona, mama yake ameruka, hesabu imefika. Na leo upatu ulikuwa nyumbani kwangu, wanawake wote wa mtaa wamejaa barazani. Ningenyamaza vipi? Nikaitoa simu, nikaipitisha mkono kwa mkono, waone wenyewe maili za mama Danang.

Nilitaka waone jumla. Wao wakasoma safari.

Bi Wiwik akasema taratibu, "Kumbe huyu mwenzetu hapa nyumbani anapita tu. Hong Kong, Taipei, Balikpapan, tena Hong Kong. Na sisi hata biskuti moja hatujaiona."

Wakaamini! Sikutegemea hilo hata kidogo. Mama Yanti akasema ndiyo maana siku ile aligonga hodi mpaka vidole vikauma, kumbe niko angani. Siku ile nilikuwa chooni.

Ningeweza kusema kweli. Mdomo ukakataa. Ukasema zilikuwa safari fupifupi.

Hapa kwetu mtu akienda hata Kediri kung'oa jino, anarudi na kifurushi kwa kila mlango. Kutoka nchi za watu ukarudi mikono mitupu, afadhali ungeiba kuku. Mama Yanti machozi yalimlengalenga. Akasema hakujua kama namhesabu mtu baki.

Nikasema mizigo iko njiani.

Jumatano, 25 Juni

Mizigo imefika. Nimeitoa mwenyewe sokoni, nikaipitishia mlango wa nyuma ndani ya gunia la soya. Chokoleti za Hong Kong. Krispi za samaki za Balikpapan. Keki za nanasi za Taiwan. Pipa la mchele sasa lina mchele mtupu. Si neno, ya nini nauli ya meli kwa mtu mwenye ndege?

Nimegawa mlango kwa mlango. Mama Yanti amenikumbatia, akaniuliza Hong Kong kunanukaje. Nikasema kunanuka tempe kidogo.

Bi Wiwik akaigeuza pakiti ya keki, akasoma chini. Imetengenezwa Blitar. Blitar, hapo tu, mwendo wa pikipiki! Nikamwambia Taiwan wananunua mananasi yetu, wanayasifu sana. Akanitazama. Akaila keki yote huku ananitazama.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda dukani kwa Retno na kitambaa changu kipya kichwani ili tubadilishe maili ziwe tiketi. Retno amebonyeza, amebonyeza tena, tiketi haitoki. Hapohapo simu yangu ikalia.

Kijana wa shirika la ndege. Sauti laini kama ya msoma dua. Akaniuliza kama mimi ndiye Mama Sumiyati. Nikasema ndimi. Akasema wana jambo dogo wangependa niwasaidie kulielewa: Jumanne ya tarehe tatu Juni nilikuwa angani kuelekea Hong Kong, na saa hiyohiyo nilikuwa angani kuelekea Balikpapan.

Nikamwambia mimi ni mama mwenye shughuli nyingi.

Akauliza nilikaa kiti cha wapi. Nikasema dirishani. Akauliza katika ndege ipi. Nikasema zote mbili, napenda kutazama nje.

Nadhani alikuwa anacheka, asiye na adabu. Kisha akasema uanachama wangu umefungwa na maili zote zimefutwa. Zote! Safari zote zile, homa ya mtoto wa watu, uji wangu. Nikamuuliza mama wa daktari afike mahafalini kwa miguu? Akanipongeza. Akasema asante kwa kusafiri nasi.

Retno analia, anaogopa kufungiwa duka. Nimemwambia mimi sijamtaja na sitamtaja. Na kweli sikumtaja.

Jumanne, 1 Julai

Nilimwambia Jumali jana jioni, wakati anasugua vyombo vya soya. Nilimwambia yote, hata la pipa. Nilitegemea apige kelele. Alinawa mikono, akatoka kwenda barazani.

Leo asubuhi tundu la tetere wake, njiwa wake wa kuimba, halina kitu. Yule tetere amemlea tangu Danang yuko sekondari. Kila alfajiri wanapigiana mluzi wao wawili, mimi sijawahi kupigiwa mluzi hivyo. Amemuuza kwa mtu wa Trenggalek. Mezani kaniwekea tiketi ya meli, moja, na chupa ya dawa ya kichefuchefu. Nikamuuliza yeye je. Akasema tetere mmoja anatosha nauli ya mtu mmoja, na yeye Danang atamwona kwenye simu.

Tiketi nimeificha kwenye pipa la mchele, palepale pake.

Jumamosi, 5 Julai

Meli: nimelala mkekani. Mbuzi hawakuwepo, kulikuwa na majogoo.

Nimefika ukumbini nikiwa bado nayumba, viatu mkononi. Nimeingia wanataja majina ya herufi za mwanzo. Mlinzi akataka kunizuia, nikamwambia mimi ni mama wa daktari, akaniuliza daktari gani, nikamwonesha kwa kidole. Danang akaniona kutoka jukwaani. Joho jeusi, kofia imekaa upande. Mwanangu mrefu hivi, alirefuka lini? Nilishtuka kama vile namwona mara ya kwanza. Nikalia kwa sauti, watu wakageuka. Waache wageuke, nao wana wao.

Nikamwinulia Jumali simu auone ukumbi mzima. Yeye alikuwa amevaa batiki yake ya harusi, amekaa peke yake barazani, mgongo wima. Mwisho akasema, "Umekula?"

Jioni Danang akaniuliza, huku anatazama kwingine, kama yule Retno wa kona hajambo. Uongo wangu umekuwa kweli bila hata mimi kuugusa.

Jumatatu, 7 Julai

Danang alikuwa anajibana, kakata mshahara wake wa kibarua cha kwenye zizi, kanilipia nirudi kwa ndege. Ndege ya kweli. Mimi mwenyewe ndani.

Ilipoinuka nilimshika mkono mzee wa pembeni yangu na sikumwachia mpaka tulipotua Surabaya. Kiti hakikuwa cha dirishani. Sikuona kitu ila kisogo cha mtu.

Jumapili, 20 Julai

Nimekuwa nikisubiri simu ilie. Kimya. Safari pekee niliyoruka kwa mwili wangu haikunipa hata maili moja. Hii ni haki?

Zawadi za Makassar nimegawa, mafuta ya kuchua kwa kila mlango. Bi Wiwik amesoma chini ya chupa. Makassar. Nilitamani imtoe macho. Akasema zile za Taiwan zilikuwa tamu zaidi.

Ila Jumali hanipi raha. Kila alfajiri anasimama mbele ya tundu tupu, anapiga mluzi, anasikiliza. Huyo tetere lazima arudi, akiba yote ni yake, isiliwe na nauli. Na sherehe ya kumposa Retno itakapowadia, lazima Danang aletwe kwa ndege, si kwa majogoo.

Kwa hiyo nimekaa na Retno. Amekuwa mwepesi siku hizi, ukimtaja Danang anatabasamu mwenyewe. Anasema akina Jumali wanaokwenda Kalimantan ni wengi kuliko akina Sumiyati. Uanachama tumeuandika Jumali Jumali, jina moja tu, wazazi wake Mungu awarehemu. Safari hii tutaangalia wawili wasiruke saa ileile. Na mwanamume akirudi safari, nani anamdai zawadi?

Simu imelia sasa hivi. Jumali ametua Balikpapan salama.

Yuko barazani, anapiga mluzi. Nimemvuta ndani haraka asionekane, maana Bi Wiwik nimeshamwambia amesafiri.