Sifuri Niliyopewa kwa Kubeba Magunia

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Fizikia ya Shule za Sekondari, Ngazi ya Mkoa.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana ukiisoma umesimama utachoka, ingawa kwa elimu yenu hutakuwa umefanya kitu. Mimi ni mchukuzi mstaafu wa ghala la nafaka. Shule niliishia darasa la nne, fizikia ikaja nikiwa nimeshaondoka. Kazini waliniita Winchi. Mjukuu wangu ndiye msemaji wa timu iliyoongoza Jumamosi kwa alama moja, ambayo sasa itakwenda mashindano ya taifa. Alama hiyo moja ndiyo ninayoilalamikia.

1. Swali la tisa liliuliza: mtu ana gunia la kilo tisini begani, anatembea nalo mita arobaini kwenye sakafu tambarare, je, amelifanyia gunia kazi kiasi gani? Mjukuu wangu akashika kipaza sauti akasema sifuri. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mtu mwenyewe anamfahamu, ni babu yake, yule pale safu ya tatu mwenye koti. Ukumbi mzima ukageuka. Yule mama jaji mwenye miwani ya kamba akasema, "Sahihi kabisa." Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mke wangu.

2. Nyumbani nilidai maelezo. Mjukuu akanichorea mishale miwili nyuma ya kalenda: kani yangu inaelekea juu, gunia linaelekea mbele, wawili hao hawajuani. Nikamuuliza, na jasho je? Akasema, "Jasho ni mambo yako wewe na mwili wako, Babu. Gunia halihusiki." Bega langu la kulia limepinda mpaka leo. Nadhani na hilo halihusiki.

3. Kinyozi wa jirani, ambaye miaka yote alinisalimia "pole na kazi", sasa ananiambia "pole na sifuri, Winchi". Mke wangu hunituma maji bombani, na nikiguna hunikumbusha kwamba njia ni tambarare.

4. Hili ndilo linaloniuma. Karani wa ghala letu alikaa kitini miaka yote hiyo, akinyanyua kikombe cha chai kutoka mezani hadi mdomoni. Nimemuuliza mjukuu, naye akakiri kwamba kikombe kikipanda, hiyo ni kazi. Kwa hiyo karani alikuwa kazini, na mimi nilikuwa nikipita tu kumtembelea. Karani amezipata habari hizi na amezipokea vizuri mno.

5. Mlipohitaji jina la kusukuma na kuvuta, mlijitafutia "kani", neno ambalo ghalani sijawahi kulisikia, na hakuna aliyegombana nanyi. Kwa nini hili nalo hamkulitafutia neno lake? "Kazi" lilikuwa na wenyewe. Tulikuwa tunalitumia.

Kwa hayo, naomba mfute swali la tisa pamoja na alama yake, hata kama timu ya mjukuu wangu itashuka. Sitaki kuonekana napendelea jamaa. Mkishindwa, nipeni cheti kwamba tangu nikiwa na miaka kumi na tisa hadi hamsini na saba nilikuwa mapumzikoni. Nitakiambatanisha na maombi ya ajira, kwa kuwa imethibitika sijaanza. Nitaomba nafasi ya karani.

Nisalimie majaji wote, hasa mama wa miwani, na fundi wa vipaza sauti aliyehakikisha sifuri yangu inasikika mpaka barabarani. Mke wangu naye anawasalimu, kwa furaha kuliko inavyostahili.

Ni mimi niliyepumzika vya kutosha,
Winchi

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshailamba. Mjukuu wangu ameingia sasa hivi, anasema timu ya pili imekata rufaa juu ya swali hilohilo. Wanadai mchukuzi akitembea gunia hudunda, hupanda na kushuka, kwa hiyo kazi ipo na sifuri si jibu. Mnakaa Alhamisi, na alama ikiondoka, safari ya taifa nayo imeondoka. Ameketi jikoni na mkoba bado mgongoni.

Mwenyekiti, hao watoto walimwona mchukuzi gani? Gunia hudunda kwa mtu wa wiki ya kwanza. Anayejua kubeba hulegeza magoti, hukaza kiuno, shingo anaituliza, anateleza kama amepakwa mafuta. Juu ya gunia langu ungeweka glasi ya maji iliyojaa, na ningeifikisha kwenye lori imejaa. Barua ya hapo juu ichaneni. Alhamisi nakuja na gunia, nyinyi njooni na rula. Miaka thelathini na minane sikufanya kazi hata chembe, na anayesema nilifanya aje aniambie usoni.