Bahari ya Gongoni

Jumamosi, 4 Januari
Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Najenga bahari. Iko stoo, nyuma ya magunia ya mpunga. Ndogo, lakini bahari.

Sababu ni Baba. Tangu aende kufanya kazi bandarini Tanga, Mama akimuuliza kwenye simu atarudi lini, hujibu kwamba mtu akishazoea bahari hawezi tena kukaa bara, kifua kinambana. Mama hukata simu na kusema huyo mwongo. Mimi sioni uongo. Naona ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Kama Baba hawezi kuiacha bahari, basi bahari ije hapa Gongoni, Tabora.

Nimemaliza kidato cha nne. Matokeo bado. Nafasi ninayo.

Jumatatu, 6 Januari
Chombo kimepatikana! Mama mdogo Elieth anauza chipsi stesheni. Aliagiza kabati la kioo kwa fundi, akanituma nikaangalie kama liko tayari. Liko tayari. Nilisimama pale nje nikirudia sentensi yangu moyoni mpaka fundi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwomba aongeze gundi kwenye kona zote. Akataka kujua chipsi za mama mdogo zina maji kiasi gani. Nilitazama viatu vyangu.

Nimelilaza chali stoo, mlango juu. Linafaa kabisa.

Mama mdogo nimemwambia gundi haijakauka. Ni kweli haijakauka.

Jumatano, 8 Januari
Siku ya chumvi. Nimetumia ya Uvinza. Kwenye Historia tulisoma kwamba wapagazi waliipitisha hapa hapa vichwani, wakaila babu zetu wote, hakuna aliyedhurika. Samaki ni nani aikatae?

Recheli amenicheka sana kwenye simu. Tulikaa dawati moja miaka minne, sasa yuko Dar kwa dada yake. Anasema bahari si mchuzi, Levina, mna vitu vingi mle zaidi ya chumvi, na kuna chumvi maalumu ya kazi hiyo. Nikamuuliza Tabora inauzwa duka gani.

Nimepima kwa yai. Likielea, ni bahari. Lilielea mno, kama linataka kutoka. Nikaongeza maji ya bomba. Likazama. Chumvi tena. Likaelea. Nimekoroga kwa mwiko wa ugali hadi mabega yakauma. Mama ameuliza nani amemaliza chumvi ya nyumba nzima. Nikasema labda unyevu.

Ijumaa, 10 Januari
Baba amepiga simu! Amesema huenda mwezi huu akasafiri kuja bara. Mama hakumuuliza bara sehemu gani. Mimi nilitaka kuongea naye lakini nikaambiwa salio limekwisha.

Mwezi huu! Recheli anasema maji lazima yakomae wiki kadhaa kabla ya kutia kiumbe chochote, la sivyo samaki ataungua na uchafu wake mwenyewe. Wiki kadhaa sina. Nimemwambia yamekomaa. Alete samaki.

Jumanne, 14 Januari
Ndoo imefika kwa basi. Kondakta aliuliza mna nini. Niliona haya kusema, nikasema mboga. Akafunua kifuniko, akasema mbona mboga inanitazama.

Jiwe moja lenye tumbawe laini. Konokono mmoja. Samaki mmoja wa rangi ya chungwa, ana mistari mieupe, si mkubwa kuliko kidole changu. Recheli, Mungu akubariki na mdomo wako.

Pampu ya umeme sina, kwa hiyo nawapa hewa kwa pampu ya baiskeli ya Baba. Mpira mmoja unaingia majini, mimi napampu. Jioni tumbawe likafungua vidole vyake, kimoja kimoja, vikawa vinapepea. Stoo ikanukia kama shati la Baba alipokuja mara ya mwisho.

Nililia. Halafu nikaendelea kupampu.

Alhamisi, 16 Januari
Tumbawe limekunja vidole. Recheli anasema matumbawe yanataka chokaa ndani ya maji. Nikakumbuka nina boksi la chaki, lilibaki kwangu nilipokuwa kiranja wa darasa. Nimesaga saba nikatia.

Maji yamekuwa meupe kama togwa. Samaki haonekani.

Mama mdogo akaja kuuliza kabati lake. Nikamwambia fundi ana malaria, hainuki. Wakati huo huo fundi akapita na baiskeli, akapiga kengele, akasema shikamoo kwa Mama. Nikasema amepona.

Nilingoja kofi. Mama mdogo hakunipiga. Alinitazama tu, kisha akafungua mfuko akanipa chipsi bure, na kuku juu yake. Hajawahi. Halafu akaenda kunong'ona na Mama uani. Nadhani ananisikitikia kwa sababu ya matokeo.

Jumamosi, 18 Januari
Samaki amekufa.

Nilidhani amelala, maana alikuwa ubavuni. Nilipampu, nikapampu. Nilimwita, ingawa sikuwa nimempa jina. Konokono amejifungia ndani na hataki mazungumzo. Tumbawe limekuwa kama kitambaa kilicholowa.

Nimemzika chini ya mpapai. Nikasali Baba Yetu, kwa sauti ndogo, majirani wasisikie.

Recheli nimemwambia samaki anazidi kunenepa.

Jumapili, 19 Januari
Sikukata tamaa. Nimechonga karoti. Nimeitia mistari kwa kisu, nikaipaka chaki. Mkia umetoka vizuri kuliko hata wa marehemu. Tatizo inaelea. Nimeifunga kwa uzi kwenye jiwe. Ukiitazama kutoka mlangoni, ukikunja macho kidogo, anaogelea.

Baba macho yake si mazuri. Yatosha.

Jumatatu, 20 Januari
Yote yameharibika.

Mama mdogo alikutana na fundi, fundi akamwambia kabati nililichukua siku ile ile. Alikuja kama moto wa nyasi. Akasogeza magunia peke yake. Akapiga yowe kwamba yeye anauza chipsi kwenye beseni kama mkimbizi, wateja wanafukuza nzi, kumbe kabati lake limegeuzwa kisima! Akainama. Akauliza tangu lini watu wanafuga karoti.

Mama akaja mbio. Mimi, ambaye hata kanisani naitikia kwa midomo tu, nikapaza sauti. Nikasema si kisima, ni bahari, ni ya Baba, akija asibanwe kifua, akae.

Mama mdogo akacheka kicheko kisicho na furaha. Akasema: "Baba yako amepita Alhamisi, mwanangu. Na treni ya Kigoma. Nimemuuzia chipsi kwa mikono hii."

Mama akasema Elieth, nyamaza. Elieth hakunyamaza. Baba amepata kazi Kigoma, bandari ya ziwani. Alikuwa dirishani na mwanamke, na mtoto mapajani. Treni ilisimama muda mrefu, kama inavyosimama hapa siku zote. Watu walishuka, wakanunua asali, wakaoga, wakarudi. Kutoka stesheni hadi kwetu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja.

Hakushuka. Aliomba pilipili iongezwe.

Mama alichukua beseni akaanza kuchota bahari na kuimwaga nje. Baadaye Mama mdogo akachukua la pili, huku analia na kunitukana. Mimi nilishika karoti.

Jumatano, 22 Januari
Kabati liko stesheni. Mama mdogo anasema chipsi zake sasa hazihitaji chumvi. Ananisalimia.

Jana tukichambua mchele, Mama alisema mdogo wake ana haraka, huenda alimfananisha, treni ina watu wengi. Nikasema ndiyo Mama, atakuwa mtu mwingine. Akashusha pumzi. Akanipa kiti chake.

Nimefikiri sana. Kumbe haikuwa bahari! Kigoma hakuna bahari. Kigoma ni ziwa, maji baridi, wala kifua hakijambana. Nimepoteza chumvi bure. Ziwa ni rahisi zaidi: halitaki yai, halitaki chaki. Na samaki wadogo wa mawe, wa kila rangi, wanaweza kuja kwa treni hiyo hiyo ikirudi.

Leo nimekwenda kwa fundi. Sentensi ilitoka mara ya kwanza. Ameuliza safari hii ni chipsi au nini, nikasema maandazi. Nimemwambia kioo kisiwe kirefu sana, chini ya kiuno changu. Yule mtoto naye aweze kuona.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, usimwambie mtu kuhusu ziwa. Na Mama asijue kwamba najua yule wa dirishani alikuwa Baba.