Ukurasa Uliofuta Viuno Thelathini na Kimoja

Kamalondo, Lubumbashi
Tarehe 14 Juni

Kwa Mhandisi Osée Numbi,
mtengenezaji wa programu ya Kipimo,
Karavia

Ndugu Mhandisi,

Kosa wanalolifanya wengi wanaoandika kurasa za maelekezo ya kompyuta ni kudhani kwamba ukurasa utasomwa na mtu mmoja, kwa macho, akiwa ametulia. Nimefundisha uandishi kwa miaka thelathini na minne na mtu huyo sijakutana naye bado. Katika karakana ya ushonaji ya Moussa, mtoto wa marehemu kaka yangu, ukurasa wako unasomwa na watu wawili, kwa sauti, katikati ya cherehani nne zinazokwenda, na mmoja wao ana pini mdomoni.

Nakuandikia kwa heshima na bila hasira. Hasira ilikuwapo juma lililopita, lakini tulipokutafuta, mke wako Dorine alitujulisha kwamba uko Pweto kwa kazi, simu haishiki, na utarudi leo. Nikapata muda wa kupoa na wa kupanga hoja zangu kwa namba.

Kwanza nikueleze jambo lenyewe, ili usije ukadhani nagombana juu ya karatasi tu. Mjukuu wangu Imani anaolewa tarehe 28 mwezi huu na Katongo, kijana wa Kasomeno. Wanawake thelathini na mmoja wa upande wa Katongo watavaa kitambaa cha kikwembe cha aina moja, na Moussa ndiye mshonaji. Walikuja mjini mwezi Mei, wakapimwa wote siku moja, wakarudi kwao. Vipimo vyao vikaingizwa katika programu yako, ambayo Moussa aliisifu mbele ya wageni. Tarehe 5 Juni vilifutika vyote. Leo vitambaa viko mezani, mkasi uko juu ya vitambaa, na katika jiji hili zima hakuna anayejua kiuno cha Mama Edith, shangazi mkubwa wa bwana harusi.

Moussa alimpigia simu kumwomba ajipime upya. Jibu lake nalinukuu kama lilivyotoka: «Muliisha kunipima. Kiuno yangu haipite mu telefone.» Akaongeza kwamba familia isiyoweza kutunza namba zake mwezi mmoja, yeye haoni itamtunza vipi kijana wao maisha yote, na kwamba jambo hilo atalizungumza na kaka yake kabla ya basi la wageni kukodiwa. Imani amesikia. Tangu siku hiyo anakula nusu ya chakula chake na kusema ameshiba.

Sasa ujue namna washonaji wanavyofanya kazi, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Mmoja hupima na kuita, mwingine huandika. Anayeita haachi kuita: kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono. Anayeandika haulizi, kwa sababu akiuliza, mteja atasikia namba yake mara mbili. Moussa na Hortense, fundi wake mkuu, wamefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Ukurasa wako ukifunguliwa hujaza kioo chote cha kompyuta na haubakizi mahali pa kuandika amri. Basi Moussa aliuchapisha kwenye sekretariati ya umma iliyo kona ya pili, akampa Hortense karatasi, akakaa mbele ya vitufe. Hortense akaita. Moussa akaandika. Walitaka kufuta kundi moja tu, wateja wa harusi ya Likasi ya mwaka jana, ambao wengi wao wamekwisha kunenepa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Umetumia herufi nzito kwa maneno ya kuandikwa kama yalivyo, na herufi zilizolala kwa maneno ambayo msomaji anapaswa kuyaondoa na kuweka ya kwake. Mpango huo ni mzuri kwa macho. Kwa sikio haupo. Hortense aliita «kipimo, futa, kundi», na Moussa akaandika *kundi*. Programu ikajibu: «Hakuna kundi hilo.» Moussa, aliyelelewa vizuri, alielewa kwamba kazi imefanyika na kundi halipo tena. Akashukuru. Naomba kila neno lililolala liondolewe na mahali pake liwekwe jina la mtu halisi, ili msomaji ajue mara moja kwamba huyo si mteja wake.

2. Umeweka mabano ya mraba kuzunguka neno *jaribu*. Nimeambiwa kwamba neno hilo huonyesha kitakachofutwa kabla ya kufuta, na kwamba mabano maana yake ni «ukipenda». Katika daftari la ushonaji mabano yana maana yake ya siku nyingi. Namba iliyo nje ni ile tunayoitaja mbele ya mteja. Iliyo ndani ya mabano ndiyo kiuno cha kweli. Mwitaji akifika kwenye mabano hushusha sauti na kugeuza uso, hiyo ndiyo adabu ya kazi. Hortense alifika kwenye mabano yako, akashusha sauti, akageuza uso. Moussa hakusikia kitu, wala hakupaswa kusikia. Kwa hiyo neno moja lililoweza kuwaokoa wanawake thelathini na mmoja lilinong'onwa kwa ukuta. Naomba mabano yaondolewe katika kurasa zote za programu zote. Sijui mamlaka yako yanafika wapi, lakini anza na zilizo karibu.

3. Hapa ndipo pabaya. Baada ya sehemu ya kufuta kundi moja, ukurasa unaendelea na kufuta makundi yote, kwa umbo lilelile na nafasi ileile pembeni, bila hata mstari mtupu katikati. Unatoa amri kwanza. Kisha unaeleza kwamba amri hii haiulizi mara mbili. Kisha, katika sentensi ya tatu, kwa herufi za kawaida, unashauri kwamba mwenye vipimo anavyovihitaji atoe nakala kwanza. Hortense hakuacha kuita, na Moussa akaandika amri hiyo na kubonyeza kitufe. Nimemhoji kila mmoja peke yake na maneno yao yanalingana:

«Papa Moussa, ulishafinya?»
«Nilishafinya kitambo.»
«Ungengoja, basi! Kuko onyo hapa chini.»
«Na wewe ulikuwa unasoma nini?»
«Nilikuwa nasoma yenye waliandika!»

Hortense ana haki. Alisoma yaliyoandikwa, kwa mpangilio ulioandikwa. Moussa naye ana haki. Aliyeweka onyo nyuma ya amri ndiye asiye na haki, na napendekeza tangu sasa ukurasa wowote wa maelekezo usitolewe kwa umma kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya watu watatu: mshonaji mwenye pini mdomoni, mtu asiyesikia vizuri, na mkwe. Wawili wa kwanza watoe maoni. Mkwe awe na kura.

4. Chini ya ukurasa kuna sehemu inayoitwa «Tazama pia», nayo inatuelekeza kwenye ukurasa wa nakala. Moussa aliutazama. Ukurasa wa nakala unaeleza mambo mawili ambayo ungepaswa kuyafanya jana, halafu unasema: tazama pia ukurasa wa kufuta. Moussa aliutazama tena. Alikwenda na kurudi kati ya kurasa hizo mbili mpaka saa ya sala ya alasiri, na Hortense anasema aliporudi kutoka msikitini alianza upya.

5. Sehemu ya «Makosa yanayojulikana» ina neno moja: «Hakuna.» Ndugu Mhandisi, mimi nina miaka sabini na sita na sijawahi kuandika neno hilo juu ya jambo lolote nililolifanya. Kosa lako sasa linajulikana Kamalondo yote. Linajulikana Kasomeno sokoni. Naomba sehemu hiyo iandikwe upya na iwe na majina ya wanawake thelathini na mmoja, kila jina mstari wake, kwa kufuata umri, na Mama Edith awe juu kwa herufi nzito. Usipojua umri wa mtu fulani usiulize, mpandishe.

6. Lalamiko hili linanihusu mimi na ndilo lililoniumiza. Mwezi Februari ulinijia nyumbani, ukanipa ukurasa huu umechapishwa, ukaniomba nirekebishe umbo na mtindo wake kwa kuwa, kwa maneno yako, wahandisi hawajui kuandika. Nilikaa nao siku tatu. Nilitumia kalamu ya wino. Nilipanga nafasi, nilisawazisha aya, nilipunguza pale palipokuwa na makelele. Ukachukua karatasi, ukasema «Asante, Mwalimu, nitabadilisha yote». Nikiutazama ukurasa uliosomwa tarehe 5 Juni, ni dhahiri hakuna hata sahihisho langu moja lililofuatwa. Mtu aliyesomesha watoto wa mji huu miaka thelathini na minne hawezi kuwa ameona ukurasa kama huo na kuuacha upite.

Kutokana na hayo ninakuja kwenye ombi langu, ambalo nimelipima na kuliona la haki. Usitume fidia wala salamu za pole. Kesho asubuhi upande gari la kwenda Kasomeno, ukiwa na futi ya kupimia na daftari la karatasi. Uanze na Mama Edith. Umpime kwa heshima, ukiwa umeinamisha macho, na Hortense, atakayefuatana nawe, ndiye aite namba. Kisha, mbele ya dada zake wote, umweleze kwa lugha rahisi tofauti kati ya herufi nzito na herufi zilizolala, na kwa nini kiuno chake kilifutwa na neno lililoandikwa sawasawa. Akikuuliza swali, usimwambie atazame pia mahali pengine. Ukimaliza na yeye wamebaki thelathini. Chakula watakupa, usikatae, hata cha mara ya pili.

Ukirudi, Moussa atakuwa na siku kumi na moja za kushona. Anasema zinatosha ikiwa hakuna atakayelala sana.

Nakuomba usiyapokee maneno haya kama matusi. Nakufahamu kuwa kijana msikivu, na programu yako, kabla ya tarehe 5, ilikuwa ikimtumikia Moussa vizuri kuliko daftari. Wasalimie Dorine na watoto, na mama mkwe wako ukimwona. Wasalimie wahandisi wenzako wa Karavia, pamoja na yule jirani yako aliyenipa kiti siku ile. Hapa wote tunaendelea, isipokuwa Imani, ambaye nimekwisha kukueleza.

Ni mimi mzee wako, ninayebaki nikikutakia uandishi ulionyooka,

Mwalimu Abdoul Ramazani

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii Hortense alipoingia na kipande cha karatasi alichokitoa katika furushi la karatasi zake za kukatia mitindo. Upande mmoja ni kola ya kanzu ya mtoto. Upande wa pili ni ukurasa wako wa Februari, wenye wino wangu. Bila shaka uliurudisha karakanani baada ya kuutumia, na washonaji hawatupi karatasi.

Nimeusoma mara mbili. Onyo lilikuwa mstari wa kwanza kabisa, peke yake, kwa herufi nzito. Nimechora mshale wa kulishusha chini ya amri na kuandika pembeni: «Mtu mstaarabu haanzi na vitisho.» Herufi nzito nimezikata: «Hatupigi kelele.» Neno *jaribu* halikuwa na mabano. Mabano ni yangu. Mfano wako ulikuwa na jina kamili, «harusi ya Dorine», nami nimelifuta na kuweka «kundi», kwa maelezo kwamba mambo ya nyumbani hayafai katika maandishi rasmi. Mistari mitupu nimeiziba. Makosa yanayojulikana yalikuwa saba, umeyaandika kwa unyofu, na mimi nimeandika «Hakuna» kwa sababu orodha ilikuwa inaharibu umbo la ukurasa.

Nilikushutumu kwamba hukufuata masahihisho yangu. Umeyafuata yote, mwanangu.

Kuna jambo lingine. Chini kabisa ulikuwa umeandika kwamba vipimo vilivyofutwa hukaa ndani ya programu siku kumi kabla ya kupotea kabisa, na kwamba hurudishwa kwa amri moja. Sentensi hiyo nimeiondoa kwa kuwa ilivuka pambizo. Amri yenyewe nimeipaka wino, na wino ule ulikuwa mzuri; tumeishika dhidi ya taa, Moussa ameishika dhidi ya jua, haisomeki. Nikihesabu tangu tarehe 5, siku ya kumi ni leo.

Safari ya Kasomeno usiifikirie tena. Hortense ndiye aliyekukabidhi barua hii, na sasa amesimama mlangoni pako na pikipiki inamngoja. Mwandikie amri hiyo leo.