Habari za Sarwidi na Mjusi Aliyeketi Kichwani pa Bu Tumirah

Zimeni redio, tueni mizigo, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana mimi Painem, jirani wa mkono wa kulia na mmenya vitunguu mkuu wa mtaa huu, nafungua kinywa kuwasimulia vita. Wengine husimulia vita vya wafalme na ndovu wao. Hivyo mimi sikuviona, na aliyevisimulia pengine naye hakuviona. Hivi vyangu nimevishuhudia kwa macho yangu mawili, nikiwa nimekaa kizingitini na bakuli mapajani, machozi yakinitiririka, ambayo mwanzoni yalikuwa ya vitunguu tu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu ya mchana, joto la mji wetu wa Jogja limeyalalia mapaa yetu. Sebuleni mwa Pak Sarwidi, mzee wetu, ambamo kwa miezi minne hakukaribishwa mgeni wala hakikusogezwa kiti, alisimama binti yake mkubwa, Nastiti mwenye subira ya jiwe, mtengenezaji wa filamu za wanasesere, ambaye husogeza mkono wa mwanasesere kwa upana wa unywele, akapiga picha, akausogeza tena, akapiga tena, picha kumi na mbili kwa sekunde moja tu ya filamu, wala hakutumwa na mtu. Na mwanasesere huyo, urefu wake shibiri moja, alikuwa mama yake mzazi, marehemu Bu Tumirah, Mama Tumirah wa mtaa mzima, muuza dawa za mizizi, aliyebeba kapu la chupa mgongoni katika vichochoro hivi hata mimi nikanywa manjano na tangawizi yake siku nisizoumwa. Nastiti alimfinyanga kwa udongo, akamshonea nguo kutoka blauzi yake ya kweli, akampa ule mdomo wa mtu anayejiandaa kukugombeza. Mara ya kwanza kumwona, wallahi, nilimwamkia.

Filamu yote ilikuwa imekwisha isipokuwa picha tisini na sita za mwisho: Bu Tumirah afike mwisho wa kichochoro, ageuke, ainue mkono kuaga. Nazo zilipaswa kumalizika kabla ya alasiri ya siku ile ile, maana kesho yake wageni wa kumposa Wening, mdogo wake Nastiti, wangekuja kuketi sebuleni humo humo, na adhana ikishalia kichochoro kile cha mbao na karatasi alichokijenga mezani kingevunjwa, mikeka itandikwe. Tena waya uliokuwa ndani ya mkono wa mwanasesere ulikwisha kupindwa mno; uliweza kuinuka mara hiyo moja, lakini kuanza upya usingestahimili. Waya ukikatika, filamu haina mwisho, na mama hamuagi mtu.

Picha ya sitini na moja ilikwisha kupigwa. Nastiti akakuta skrubu ya bega imelegea, akauegemeza mkono wa mwanasesere juu ya vidole vyake viwili, na kwa mkono wa pili akawa anapapasa kutafuta bisibisi. Ndipo, bila tarumbeta wala tangazo la vita, mjusi kafiri mmoja aliposhuka kutoka darini, akatua juu ya utosi wa Bu Tumirah, akajinyoosha akatulia kama mwenye hati ya nyumba.

"Mtu asitikisike," Nastiti akanong'ona. "Nikiuachia mkono, unaanguka. Mkimshtua mjusi, anaruka na kichwa. Nani atamtoa?"

"Mimi simo," akasema Wening, amesimama mlangoni na mikeka kwapani. "Mbak, dada yangu, unanijua mimi na mijusi. Nitazimia. Kesho nichumbiwe nimelazwa?"

"Nileteeni ufagio wa chelewa nimchape," nikasema mimi.

"Bu Painem! Utakuwa unamchapa mjusi au unamchapa mama?"

"Basi nipishe nipite, nimdake kwa mkono."

Wote wawili wakaitazama ile nafasi iliyobaki kati ya meza na kamera, kisha wakanitazama mimi. Nikarudi kwa vitunguu vyangu. Mwili huu ni neema, na asiyeupenda akale kwake.

"Leo hatumalizi," Wening akaguna.

"Chek, chek, chek," akajibu mjusi. Na kwetu mjusi akilia juu ya neno la mtu, neno hilo limethibitika.

"Lifute hilo neno lako!" akafoka Nastiti kwa sauti ya chini. "Lifute haraka!"

"Tunamaliza, tunamaliza," Wening akasema upesi, lakini mjusi alikaa kimya.

Hapo ndipo alipojitokeza kutoka jikoni Sarwidi mwana wa Kartodimejo, mkata tiketi mstaafu wa mabasi, mvunja vikombe, mjikwaa wa mahali pasipo na kitu, mtu aliyewahi kunasa ndani ya kiti cha plastiki kwenye mazishi ya watu hadi wafiwa wakaacha kulia wakamvuta. Mwezi wa kwanza wa kazi ile aliifagia miti ya karatasi iliyomchukua binti yake siku tatu kuikata, akidhani takataka. Tangu hapo Nastiti alibandika utepe mwekundu sakafuni, na baba yake akakatazwa kuuvuka. Kila asubuhi alikuja na kahawa yake akaketi nyuma ya utepe, akimwangalia mkewe kutoka mbali, na hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anamkumbuka sana, sana. Mtaa mzima tulijua, na tulikuwa tunampelekea ndizi za kukaanga kwa sababu hatukujua tumpelekee nini.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Bapak, baba yangu, hapana. Nakuomba."

"Nduk, mwanangu, yuko nani mwingine?"

Binti akanitazama mimi, akamtazama Wening na mikeka yake. "Haya, nenda. Polepole. Usipumue."

"Nitapumua kidogo tu," akasema Sarwidi.

Kisha akaomba silaha. Nikauchomoa chunguni kando yangu nikamkabidhi mwiko wangu mrefu, ule uliokuwa ukikoroga sukari ya mnazi kwa ajili ya vitamu vya wageni wa kesho, ncha yake imeloa uji mweusi, mzito, unaonukia. Kwa maana mjusi ni mlafi wa tamu, na aliyewahi kuacha chai mezani bila kifuniko anajua nisemalo. Akaupokea kwa mikono miwili. Akavua ndara. Akauvuka utepe mwekundu, mguu wa kuume mbele, jasho likimshuka hadi ncha ya pua likaning'inia hapo lisithubutu kuanguka, akapita pembeni mwa taa ya kwanza, akaruka waya wa taa ya pili, akafika hatimaye mbele ya adui yake, uso kwa uso, mwiko umenyooshwa.

"Ewe mjusi," akanena kwa mnong'ono, "mla mbu, mtembea darini miguu juu, mimi sina ugomvi na ukoo wako. Umeishi nyumba hii bila kodi, umekunya juu ya kalenda yangu, nami nimenyamaza. Lakini hapo ulipoketi ni utosini pa mtu niliyeishi naye miaka thelathini na tatu, mimi mumewe, na sikuwahi kuthubutu kupashika bila ruhusa. Shuka, kaka, kabla hajaamka."

"Bapak, usimhutubie," akalia Nastiti. "Vidole vinakufa ganzi!"

"Adui huambiwa kwanza," akasema Sarwidi.

Mwiko ukasogea, ukasimama, ukasogea. Mkono ule uliovunja vikombe vyote vya harusi yake, leo haukutikisika. Mjusi akainua kichwa. Akatoa ulimi, akarudisha ulimi. Akaonja. Akaonja tena, kisha, ee watu mnaonisikiliza, akaweka mguu mmoja juu ya mwiko, na wa pili, na wa tatu, na alipouweka wa nne Nastiti alikwisha kuishika bisibisi na kukaza skrubu, na Wening akauma kona ya mkeka ili asipige kelele. Utosi wa Bu Tumirah ukabaki mtupu.

Ilibaki kumtoa nje dirishani. Na dirisha liko upande wa pili, na njia ya kwenda dirishani inapita mbele ya mwanasesere.

Hapa ndipo angefaulu mtu yeyote wa taifa jingine. Angepita wima, basi. Lakini Sarwidi ni mtu wa kwetu, na sisi tangu tukiwa watoto wa kutambaa tumefundishwa kwamba hupiti mbele ya mtu wa heshima umesimama kama mlingoti; unainama, unashusha mkono wa kuume, unaomba radhi, unapita. Akili yake yote ilikuwa kwenye mwiko. Mgongo wake ukabaki na desturi yake. Alipofika mbele ya mkewe mgongo ukainama wenyewe, mdomo ukasema, "Naomba kupita, Bu," na kiwiko cha kushoto kikaigonga meza.

Haikuwa kishindo. Ilikuwa "ko". Lakini kichwa cha Bu Tumirah kikashuka kwa upana wa punje ya mchele.

"Bapak!"

Sarwidi akajikuta amefika dirishani, akaganda. Mjusi akateremka kutoka mwikoni hadi ukutani nje akaenda zake, na hakuna aliyemjali. "Nisamehe, Nduk," akasema Sarwidi. "Nilipita mbele yake. Sikuweza kupita hivi hivi."

"Kisogeze tu juu," Wening akasema.

"Shingo ni udongo unaokauka; kuinama inaweza. Nikiirudisha, inapasuka."

Nikaweka kisu chini. Nastiti akaenda kwenye kompyuta, akaitazama picha ya sitini na moja, kisha akatazama kinachoonekana sasa, akarudi kwa ile, akarudi kwa hii. Mara sita nilihesabu. Kisha akaanza kucheka huku analia, na pua imemjaa.

"Ameitikia," akasema. "Bapak amemwinamia, naye ameitikia. Miezi minne najiuliza mama anamuaga nani mwisho wa kichochoro, nami sijui, ninainua mkono tu. Bapak, rudi nyuma ya utepe. Usiguse kitu!"

Sarwidi akatokea dirishani, akarudi kwa kuzunguka nje ya nyumba, ili awe salama. Nastiti akapiga picha ya sitini na mbili. Akakishusha kichwa unywele mmoja zaidi, akakishusha tena, mkono ukipanda huku kichwa kikiinama, na kazi ikaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtoto yule. Picha ya tisini na sita ilipigwa muadhini akiwa ameshasafisha koo kwenye kipaza sauti. Na Wening alipomwinua mwanasesere kumweka kabatini, mkono wa kuume ukakatika ukabaki mezani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha.

Kabla hata ya mkeka mmoja kutandikwa, tukasimama wanne mbele ya kompyuta. Sekunde nane. Mama wa udongo anafika mwisho wa kichochoro, anageuka, anainua mkono, na akiwa na mdomo wake ule ule wa kugombeza, anainamisha kichwa kidogo, kama umwitikiavyo mtu wa nyumbani kwako.

"Miaka thelathini na tatu," akasema Sarwidi, "nikipita mbele yake ananiambia miguu yangu ina matope."

"Na ilikuwa na matope," nikasema mimi, maana nilikuwa jirani.

Basi andikeni, ninyi wenye wino: kwamba Jumamosi hiyo, kati ya saa nane na nusu na alasiri, Sarwidi mwana wa Kartodimejo, peke yake, bila viatu, alimwondoa mjusi mmoja mzima bila kumkata mkia, akaivunja kanuni ya binti yake kwa kiwiko kimoja, akaipatia filamu mwisho wake, na kwamba vizazi vijavyo vikiuliza ni nani aliyekuwa na adabu katika zama zetu, vionyeshwe sekunde nane hizo.

"Ionyeshe tena, Nduk," akasema Sarwidi.

Akaonyeshwa mara kumi na moja, na mikeka ikangoja.